Mtaa wa Chaki

Darasa la tatu walikuwa na mtaa wao wenyewe, na mtaa huo ulikuwa sakafuni. Kila mwanzo wa muhula mwalimu wao wa Maarifa ya Jamii hupiga magoti, akachora kwa chaki barabara kuu kutoka mlangoni hadi ubaoni, vichochoro vya pembeni, na mtaro usiopitisha kitu, kwa kuwa hata mitaro ya kweli huko nje ilikuwa haipitishi. Madawati hugeuka nyumba. Kisha watoto huchovya mikono kwenye kofia kuukuu na kuokota vikaratasi, kila mtu na kazi yake: huyu seremala, huyu mwenye duka, huyu dereva, huyu fundi bomba, na mmoja aliyeangukiwa na bahati, au na mzigo, huwa mwenyekiti wa mtaa.

Walimu wenzake walimcheka mpaka wakachoka. "Mwenzetu bado anacheza mama na baba," walisema wakimwona anaingia ofisini na magoti meupe. Yeye hakuwajali. Alisema kumwambia mtoto kwamba daktari hutibu na seremala hutengeneza viti ni kumpotezea muda, hayo mtoto anayaona akienda dukani. Alichotaka yeye ni mtoto ajue kuishi jirani na mtu asiyempenda. Alikuwa mwanamke wa maneno makali na moyo laini, na mchanganyiko huo watoto huujua upesi, huogopa maneno na kuukalia moyo.

Ijumaa kipindi cha mwisho kilikuwa cha kikao. Mashauri yote ya wiki yaliletwa hapo: nani kamwagia mwenzake maji mlangoni, nani kaazima kifutio akakila, nani kavuka mpaka wa chaki na kiwiko chake. Mwalimu alikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, na kwa muda huo hakuwa mwalimu tena. Alikuwa mgeni anayepita njia, na mgeni haongei kikaoni. Na shauri likipita kwa kura, limepita. Sheria hiyo ya mgeni aliitunga mwenyewe, na aliijivunia kuliko cheti chake cha ualimu, maana aliwahi kuona watoto wakali wakifundishana kuombana radhi bila fimbo ya mtu mzima. Alikuwa hajawahi kuivunja hata mara moja, na aliwaambia hivyo kila muhula, akiwa ametuna kidogo.

Muhula ule, mtaa wa kweli ulikuwa umeingiwa na ugonjwa wa tumbo. Ulianzia nyumba za bondeni, ukapanda taratibu, na watoto wadogo ndio uliowazoa. Bwana afya alikuja na buti zake, akachota maji bombani na kisimani akayatia kwenye chupa, akasema majibu yatakuja. Hayakuja. Na watu wenye msiba hawawezi kungoja chupa. Maneno yakaanza kutafuta pa kutua, yakazunguka zunguka, yakatua kwa Mama Uji.

Mama Uji alikuwa mwanamke mgeni mtaani, mgeni wa miaka michache tu, amepanga chumba kimoja yeye na binti yake. Alfajiri aliweka sufuria lake kwenye kona, watu wakanywa wakaenda kazini. Hakuwa na mume wa kumsemea wala shemeji wa kumgombea. Tena alikuwa mtu wa majibu ya mkato, hakujua kujipendekeza. Ukimwambia uji wa leo mwepesi, anakujibu kesho kaupike wewe. Watu walicheka siku za afya. Siku za ugonjwa wakakumbuka kila jibu.

Lakini lililomfunga hasa ni kifo cha Mkia. Huyu alikuwa mtoto wa wifi wa mwalimu, kitoto ambacho hakijafika umri wa shule, na waliokiita Mkia ni watu wa nyumba yao wenyewe, kwa jinsi kilivyomfuata mke wa mjomba wake, yaani mwalimu, kila aendako. Wote waliishi ua mmoja, kwenye nyumba ya familia: mwalimu chumba hiki, wifi chumba kile, na mume wa mwalimu, dereva wa lori, akirudi pale barabara ilipomruhusu. Wifi alikuwa mjane na mtoto mmoja huyo, na alimlea kama mtu anayebeba yai kiganjani. Maji ya mtoto aliyachemsha mara mbili. Chakula cha njiani alikipiga marufuku kabisa. "Mwanangu hali vya barabarani," alikuwa akisema, na alisema kwa majivuno, kama vile mwalimu alivyosema kuhusu sheria yake ya mgeni.

Kumbe kila asubuhi Mkia alimsindikiza mwalimu hadi kwenye kona ya uji. Mwalimu ananunua kikombe kimoja, anakunywa nusu, nusu anamwachia mtoto, anamfuta mdomo kwa kitambaa, anamgeuza arudi nyumbani. "Mama Mwalimu, kimebaki kidogo?" mtoto anauliza. "Kimebaki." Ilikuwa siri yao wawili, siri tamu isiyo na madhara, ya kumcheka kidogo mama mkali. Hata siku ile ya mwisho walikunywa hivyo hivyo. Jioni mtoto akaanza kutapika, na baada ya hapo mambo yalikwenda mbio kuliko gari walilokuwa wakilitafuta.

Mwalimu hakuugua. Alijichunguza kila siku akingoja tumbo limkate, na lisipokata alilia zaidi. Je, ulikuwa uji? Kama ulikuwa uji, mbona yeye mzima? Au mtu mzima huhimili lile linalomwangusha mtoto? Mkia alicheza pia kwenye mtaro, alichezea pia maji ya bomba lililopasuka. Hakujua, na hakukuwa na wa kumuuliza, kwa sababu kuuliza kulikuwa ni kusema.

Mtaa ukakaa kikao, uani kwa mwenyekiti wa kweli, mtu mzima mpole aliyependa kila jambo liishe kabla chai haijapoa. Wifi alisimama na kanga yake ya msiba akamnyooshea Mama Uji kidole. "Huyu alimwita mwanangu akampa uji; mtoto mwenyewe alitaja uji akiumwa. Mwanangu hajui njia ya kwenda kwake. Alimwita."

Mama Uji hakusimama. "Sikumwita mtoto," alisema. "Alikuja na mtu mkubwa, akanunuliwa na mtu mkubwa."

"Mtu gani?" watu wakauliza.

Mama Uji akawatazama wote, safu kwa safu, wala hakumpita mtu. "Aseme mwenyewe."

Mwalimu alikuwa ameketi ubavuni mwa wifi yake, amemshika mkono. Akainamisha kichwa akatazama kandambili zake. Moyo ulimwambia simama, na mkono wa wifi ulikuwa umemshika kwa nguvu, na yeye akauchagua mkono. Hakusimama mtu. Basi watu wakasema mwongo ameumbuka. Wakakubaliana asinunuliwe uji wala kusalimiwa, na kwamba Jumapili watakutana tena na mwenye nyumba wake ili atolewe kwenye chumba. Mwalimu alirudi nyumbani akatapika, na kwa dakika chache alifurahi akidhani ni ugonjwa.

Ijumaa iliyofuata, kikao cha darasa la tatu kilifunguliwa kama kawaida. Mwenyekiti muhula huo alikuwa msichana mwenye pengo la mbele na sauti ya kuitia mtu wa mbali. Aligonga dawati kwa kifutio cha ubao, vumbi likamrudia usoni, akakohoa, watu wakacheka. Mwalimu, yaani mgeni, alikuwa kwenye kiti chake dirishani anasahihisha madaftari kwa jicho moja.

"Shauri la kwanza," alisema Mwenyekiti, "ni la Daktari."

Daktari ni binti wa Mama Uji. Kikaratasi cha udaktari alikiokota mwenyewe kofiani mwanzo wa muhula, na siku ile alifurahi mpaka akakipeleka nyumbani. Alikuwa na hospitali nzuri pembeni mwa barabara kuu, na vidonge vya udongo alivyovikausha juani. Wiki nzima hakuna mgonjwa aliyefika.

"Mimi ndiye nimeleta shauri," alisema Mwenye Duka, mvulana mnene mwenye heshima zake. "Daktari ahame mtaani kwetu. Mama yake anaua watoto."

Kalamu ya mwalimu ilisimama.

"Anaua kwa uji," alisaidia Seremala.

"Mama kasema nisikae naye karibu."

"Hata nyumbani walikaa kikao wakakubaliana."

"Ngojeni, msiongee wote," alisema Mwenyekiti, na alikuwa makini, maana mwalimu alikuwa amemfundisha kwamba mshtakiwa husikilizwa. "Daktari, unasemaje?"

Mtoto alisimama. Alikuwa mdogo kuliko wenzake, na sare yake ilinukia moshi wa kuni siku zote. "Mama hakumwita Mkia," alisema. "Alikuja na mtu. Mimi ndiye ninayeosha vikombe asubuhi, nilimwona."

"Una shahidi?"

"Ninaye."

"Nani?"

Daktari akageuka. Hakunyoosha kidole, alitazama tu dirishani, na vichwa vyote vikageuka kumfuata. Mwalimu alihisi uso wake umepata moto hadi masikioni. Watoto wale walimtazama kwa subira, kama wanavyotazama ubao kabla haujaandikwa. Angesema neno moja tu. Neno "ndiyo" lingetosha. Na akajikuta anaitafuta sheria yake, anaishika, anajifunika nayo.

Mwenyekiti ndiye aliyemwokoa, maskini, bila kujua. "Mgeni haongei kikaoni," alimkumbusha Daktari.

Daktari aliendelea kumtazama mwalimu kidogo. "Basi sina," alisema.

Wakapiga kura kwa mikono. Mikono ilikwenda juu, mingine upesi, mingine ikichungulia ya wenzao kwanza, mpaka ikawa yote. Kisha, kwa kuwa walikuwa watoto na kazi waliipenda, Seremala na Dereva wakalibeba dawati la hospitali kwenda nalo mlangoni. Daktari hakulia wala hakugombana. Alikusanya vidonge vyake vya udongo akavitia mfukoni, akachukua mfuko wake wa madaftari, akashika dawati upande wa tatu akawasaidia kubeba. Alijua namna ya kubeba. Nyumbani walikuwa wameshaanza kufunga vitu.

"Rudisheni!" mwalimu alisema hatimaye, na sauti ilimtoka nene, si yake. "Rudisheni hilo dawati sasa hivi!"

Wakalirudisha. Walichanganyikiwa, na Mwenyekiti pengo lilionekana kwa mshangao. "Lakini mwalimu, limepita," alisema. "Si ulisema likipita limepita? Na nyumbani ndivyo walivyofanya." Hakuwa mjuvi. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua kosa lake ni lipi, kama mwalimu alivyomfundisha. Mwalimu alipotazama mlangoni, Daktari alikuwa ameshakwenda.

Baada ya shule hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha Mama Uji. Mlango ulikuwa wazi, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, sufuria kubwa la uji limejazwa nguo ndani. Mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, bado na sare. Alimwamkia mwalimu kama kawaida, "Shikamoo mwalimu," na kuamkiwa huko kulimuuma kuliko kama angetukanwa.

"Marahaba," alijibu. "Mama, naomba tuzungumze."

"Zungumza tu. Huyu anayajua yote."

Mwalimu alianza kuzunguka. Alisema alikuwa na hofu, msiba ulikuwa mbichi, wifi yake asingestahimili, nyumba ni ya ukweni na yeye ni mtu wa kuja. Mama Uji alimsikiliza huku anafunga fundo.

"Nilikungoja siku ile," alisema mwishowe. "Nikasema huyu mwalimu, atasimama. Nikakungoja kesho yake, nikasema labda anatafuta maneno. Ningeweza kukutaja, unajua? Jina lilikuwa hapa kwenye ulimi."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, ungekataa. Na wangekuamini wewe." Akalivuta fundo kwa meno. "Sikukufichia siri, mwalimu, usijidanganye. Nilipiga hesabu nikaona nitashindwa."

"Jumapili nitasema. Mbele ya wote."

"Sema," alijibu Mama Uji. Hakuonekana kufurahi wala kuamini. "Lakini kamwambie kwanza mwenye mtoto. Usimwache ayasikie mbele za watu, hata mimi sipendi afanyiwe hivyo."

Jua lilikuwa linashuka alipomkuta wifi yake uani anaanua nguo. Kwenye kamba kulikuwa bado na vinguo vya Mkia, ambavyo wifi alivifua kila wiki ingawa havikuvaliwa. Mwalimu akajikaza akasema. Safari hii hakuzunguka. Alisema ni yeye aliyempeleka, kila asubuhi, kikombe kimoja wawili, na kwamba hata siku ile walikunywa pamoja na yeye akabaki mzima. Alisema anajua alivunja amri ya mama mtu. Alisema nisamehe, kisha akaona neno lenyewe ni dogo mno.

Wifi aliendelea kuanua. Alikunja kikaptula, akakilaza juu ya kingine, akakinyoosha kwa kiganja. Mwalimu alingoja kofi, kilio, hata kufukuzwa alikungoja. Wifi alichukua beseni lake akaingia ndani akafunga mlango. Jumamosi alipika, akapakua sahani ya mwalimu kama siku zote, akaifunika kawa. Mwalimu alikula akilia, na kwa ujinga wa mtu anayetaka kusamehewa, alidhani amesamehewa.

Jumapili ua wa mwenyekiti ulijaa. Mwenye nyumba wa Mama Uji alikuwa amekaa mbele, miguu imepishana, hana neno, atafanya watakavyosema wengi. Mama Uji alisimama mlangoni na binti yake. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye la kuongeza, mwalimu aliinuka.

"Mtu mkubwa aliyempeleka mtoto kwenye uji ni mimi," alisema. "Huyu mama hakumwita. Nilinunua kwa hela yangu, nikampa kwa mkono wangu, nikanywa naye kikombe kimoja. Nilinyamaza kwa woga. Mkitaka wa kumlaumu, nilaumuni mimi."

Mwalimu akasikia kifua chake kimefunguka, akapata pumzi kwa mara ya kwanza tangu msibani.

Ndipo wifi yake akasimama, taratibu, akajifunga kanga vizuri. "Mke wa kaka yangu ana huruma," alisema. "Mnamjua. Kipindi chote cha msiba hakulala, chakula hali, anajitwika mambo yasiyo yake. Mwanangu hali vya barabarani, na hakuna mtu wa nyumba yangu angempa. Kaa chini, wifi. Umechoka."

Alimshika bega akamkalisha. Na watu, badala ya kuuliza, walishusha pumzi. Mama mmoja alisema ndivyo walimu walivyo, watoto wote ni wao. Mzee mmoja alimletea maji. "Ni kweli!" mwalimu alisema, "mbona hamnisikii, ni kweli," na kadiri alivyosema ndivyo walivyomwonea huruma. Aliyefiwa amesema, nani atambishia aliyefiwa? Kwenye msiba neno la mama ndilo linalofunga mjadala. Mwenyekiti akaona jambo limekaa vizuri, akauliza wanaotaka huyu mama aondoke wanyooshe mikono. Mama Uji hakungoja kuihesabu. Alimshika binti yake begani wakatoka, na alipompita mwalimu alimwangalia kama mtu anayesema nilikwambia.

Njiani kurudi, wifi alitangulia. Walipokaribia nyumbani alipunguza mwendo, bila kugeuka.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, wifi."

"Alikuwa anamaliza? Mimi nyumbani alikuwa hamalizi kitu."

"Alikuwa anamaliza. Analamba na kikombe."

Wifi alitembea kidogo. "Yule mwanamke lazima nimchukie," alisema. "Nikiacha kumchukia yeye utabaki wewe, na mimi nina nani mwingine? Nina wewe tu." Kisha akafungua mlango wa ua, akaingia, akauliza kama unga wa kesho upo.

Jumatatu sehemu ya hospitali ilikuwa tupu, na watoto walikuwa wameshajua sababu. Mwalimu hakungoja Ijumaa. Aliita kikao pale pale asubuhi, akaenda kukaa mbele, siyo dirishani.

"Nataka kusema," alimwambia Mwenyekiti.

"Mgeni haongei, mwalimu."

"Leo mimi si mgeni. Ni shahidi. Daktari alisema ana shahidi, na shahidi alikuwa mimi."

Akawaeleza yote, kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu anayaelewa: kikombe kimoja, nusu kwa nusu, kila asubuhi, na kwamba mtu mzima aliogopa. Aliwaambia pia kwamba Ijumaa walimwangalia akanyamaza, na haikuwa kwa sababu ya sheria. Hakuna aliyemletea maji. Hakuna aliyemwambia amechoka. Walimsikiliza kwa macho makavu, na akaona kwamba wanamwamini, neno kwa neno. Katika mtaa mzima ni hawa tu waliomwamini.

"Kwa hiyo Daktari alisema kweli," alisema Mwenyekiti.

"Alisema kweli."

"Atarudi?"

"Hatarudi. Wamehama jana jioni. Sijui walikokwenda."

Mwenyekiti alimtazama Mwenye Duka, Mwenye Duka akatazama viatu vyake. Akamtazama Seremala. Wakanong'onezana pale mbele, vichwa pamoja, kama mwalimu alivyowafundisha kushauriana kabla ya kuamua. Kisha msichana akakaa wima, na hakuwa na ukali wowote usoni. Alikuwa anajitahidi kufanya haki.

"Basi mwalimu," alisema, "wewe ndiye wa kuhama."

Mwalimu alingoja acheke mmoja wao. Alipoona hakuna anayecheka, alisema, "Wanaokubali wanyooshe mikono."

Wakanyoosha, wote.

Alikibeba kiti chake mwenyewe, akapita katikati ya barabara ya chaki, akatoka hadi barazani. Mwalimu wa darasa la jirani alimwona amekaa nje akamuuliza kwa utani kama amefukuzwa. "Nimefukuzwa," alijibu, na mwenzake akacheka akaenda zake. Ndani, kifutio kiligonga dawati. Mwenyekiti alikuwa anauliza nani yuko tayari kuchukua ile nyumba ya pembeni iliyokuwa hospitali, na watoto watatu walisema kwa pamoja kwamba wanaitaka.